Kufungia Watu Ndani Wakati wa Ugonjwa wa Mlipuko: Je, ni Haki?



Katika somo letu la maadili safari hii tunachukua swali ambalo wengi wanadhani lilipita pamoja na miaka ya korona: je, ni haki kwa mamlaka kuwafungia watu wote ndani, wazima pamoja na wagonjwa, ili kuzuia ugonjwa wa mlipuko? Swali hili halijapita. Januari 20, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Watu 10 walihesabiwa kuwa wameugua, na wote 10 walifariki dunia. Machi 13 mwaka huohuo ilitangazwa kwamba mlipuko umekwisha, bila mkoa kufungwa. Tumshukuru Mungu na wahudumu wa afya. Lakini siku nyingine utakuja ugonjwa unaosambaa kwa pumzi, kama ulivyosambaa UVIKO-19, na paroko atasimama mbele ya waamini wake akiwa na tangazo la serikali mkononi. Atawaambia nini? Ni vizuri tujiandae sasa tukiwa tumetulia, kwa maana wakati wa hofu watu hawafikiri, hupokea maneno ya mwenye sauti kubwa.

Mwaka 2020 sauti kubwa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilisema uhai ni kitu cha kwanza, kwa hiyo kila amri inayolinda uhai ni halali. Ya pili ilisema Mungu ndiye mlinzi wetu, kwa hiyo hatua kali ni woga na upungufu wa imani. Sisi tunaona kwamba zote mbili zilikwepa kazi ya kufikiri. Tuifanye kazi hiyo.

Yaliyotokea kwetu

Machi 15, 2020 abiria Mtanzania aliyetoka Ubelgiji alitua katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, KIA, kilomita arobaini hivi kutoka Moshi mjini. Siku iliyofuata Waziri wa Afya wa wakati huo, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa huyo ndiye mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kwa hiyo ugonjwa huu Tanzania iliupokea mlangoni petu. Machi 17 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko ya michezo na ya siasa. Kesho yake vyuo navyo vikafungwa. Wasafiri waliotoka nchi zenye ugonjwa walitakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zao wenyewe. Ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa mwezi Aprili hadi Mei 18. Vyuo na kidato cha sita walirudi Juni 1, na shule nyingine Juni 29.

Tunayataja haya kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba Tanzania haikufanya lolote. Ilifanya. Kile ambayo haikufanya ni kuwafungia watu majumbani. Soko la Mbuyuni liliendelea, Kiboriloni waliendelea kuuza mitumba, daladala za Machame na Marangu ziliendelea kupanda mlima na kushuka. Makanisa na misikiti havikufungwa. Machi 22, 2020 hayati Rais John Pombe Magufuli, akiwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba jijini Dodoma, aliwahimiza watu waendelee kwenda kusali. Milangoni pa makanisa zikawekwa ndoo za maji tiririka na sabuni.

Majirani zetu walichukua njia nyingine. Rwanda ilifunga karibu kila kitu tangu wiki ya tatu ya Machi hadi Mei 4, 2020. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia Machi 27, ikazuia kuingia na kutoka Nairobi na baadhi ya kaunti za Pwani, na Mei 16 ikafunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa malori ya mizigo. Uganda ilikwenda mbali zaidi: usafiri wa umma na magari binafsi vilizuiwa, na shule zilizofungwa Machi 2020 hazikufunguliwa zote hadi Januari 10, 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu zaidi.

Basi, katika kanda moja, kwa ugonjwa mmoja, serikali zilitoa majibu tofauti kabisa. Nani alitenda haki?

Tofautisha kabla ya kuhukumu

Neno karantini lilitumiwa ovyo katika miaka ile. Kuna kumtenga mgonjwa. Kuna kumweka kando mtu aliyekutana na mgonjwa mpaka ijulikane kama ameambukizwa. Hii ndiyo karantini yenyewe. Na kuna kuwafungia watu wote, wengi wao wakiwa wazima, kwa sababu haijulikani nani ana ugonjwa. Mambo haya matatu hayana uzito mmoja kimaadili.

Kumtenga mgonjwa ni jambo la kale. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 13, kinampa kuhani kazi ya kumtazama mtu mwenye alama ya ukoma na kumweka kando siku saba kabla ya kutoa uamuzi. Hapa kwetu Kilimanjaro tunayo Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, iliyoanza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, wakati ambapo dawa za kukitibu hazikuwapo na hewa safi, chakula na kutengwa ndivyo vilivyokuwa tiba. Hata baada ya dawa kupatikana, wagonjwa wa kifua kikuu sugu walilazwa pale miezi mingi mbali na watoto wao. Wazee wa Siha na Hai wanaijua vizuri historia hiyo. Hatujasikia mtu mwenye busara akisema kuwa kumtenga mgonjwa wa namna hiyo ni dhuluma, ilimradi apate chakula, matibabu na heshima, na atoke mara hatari inapokwisha.

Karantini ya waliokutana na mgonjwa nayo inatetewa kwa urahisi. Marburg ilipotokea Bukoba mwaka 2023, watu zaidi ya 200 walifuatiliwa kwa siku 21. Mzigo ulikuwa juu ya watu wanaojulikana, kwa muda unaojulikana, kwa sababu inayojulikana. Waliougua walikuwa 9 na waliofariki 6, na ugonjwa ukaishia hapo.

Ugumu uko katika jambo la tatu. Korona iliambukizwa hata na mtu asiye na dalili, na ndiyo maana serikali nyingi ziliona haziwezi kuwachambua watu mmojammoja. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika miaka ya 2020 na 2021 vifo vilivyozidi vile vya kawaida, vilivyoletwa na janga lile moja kwa moja au kwa njia nyingine, vilikuwa karibu milioni 14.9 duniani kote. Anayesema korona ilikuwa mafua tu, asome tena tarakimu hiyo.

Vipimo vitatu vya Mtakatifu Thoma

Katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza ya sehemu ya pili, swali la 96, kipengele cha 4, Mtakatifu Thoma wa Akwino anauliza kama sheria za wanadamu zinaifunga dhamiri. Jibu lake ni kwamba zinaifunga zikiwa za haki, na haki ya sheria hupimwa kwa mambo matatu: lengo lake, yaani kama inatafuta manufaa ya wote, mtoaji wake, yaani kama hajavuka mipaka ya mamlaka yake, na umbo lake, yaani kama mizigo inayowekwa juu ya watu imegawanywa kwa uwiano wa haki. Sheria yenye lengo jema, iliyotolewa na mwenye mamlaka, bado yaweza kuwa dhuluma kama mzigo wake umetupwa kwenye mabega ya upande mmoja.

Wengi waliojadili suala hili waliishia kwenye kipimo cha kwanza. Lengo ni jema? Ndiyo, kuokoa uhai. Basi, mjadala umekwisha. Lakini Katekisimu, namba 1903, inatufundisha kwamba mamlaka hutumika kihalali pale inapotafuta manufaa ya wote na kutumia njia zinazokubalika kimaadili pia. Lengo halijitoshelezi.

Kipimo cha pili hatutakikalia muda mrefu. Serikali inayo mamlaka juu ya afya ya umma. Jambo hilo halina ubishi. Kinachohitaji kukumbukwa ni kwamba katika ibada Kanisa lina mamlaka yake. Askofu anaweza kuwaondolea waamini wake wajibu wa Misa ya Dominika kwa ajili ya manufaa yao ya kiroho, kwa mujibu wa kanuni ya 87 ya Sheria za Kanisa. Aprili 2020, wakati serikali imeyaacha makanisa wazi, Mhashamu Askofu Severine Niwemugizi wa Jimbo la Rulenge-Ngara alisitisha Misa za hadhara jimboni mwake. Hakuamriwa na serikali. Alitazama kundi lake, akaamua. Mtu aweza kukubaliana naye au asikubaliane, ila ndivyo mamlaka ya kichungaji inavyotumika.

Nani anabeba mzigo?

Tukae kwenye kipimo cha tatu, maana hapa ndipo kesi nzima inapoamuliwa.

Mtazame mtumishi wa ofisi mwenye nyumba yenye uzio, mshahara unaoingia benki kila mwisho wa mwezi, friji na bomba la maji. Akiambiwa akae ndani wiki sita, atachoka, atanung'unika, lakini atakula. Mtazame sasa mama lishe wa Mbuyuni. Hela ya unga wa leo hutoka kwenye mauzo ya jana, na hela ya unga wa kesho iko kwenye sufuria analopakulia mchana huu. Anapanga chumba kimoja Njoro au Pasua na watoto wanne. Choo ni cha wapangaji wote, na bomba pia. Akifungiwa ndani hatengani na watu, ila anatengwa na kipato. Amri ni ileile, maneno yaleyale, lakini kwa mmoja ni usumbufu na kwa mwingine ni njaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mara nyingi wanaoandika amri hizi ni wenye shibe.

Uganda iliona jambo hilo, ikajaribu kulijibu. Aprili 2020 ilianza kugawa kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu kwa maskini wa Kampala na Wakiso. Tunaliheshimu jaribio hilo kuliko wanavyoliheshimu waliolicheka, kwa sababu angalau lilikiri kwamba anayefunga mlango ana deni la kupeleka chakula mlangoni. Ila kilo 6 za unga zinakwisha, na marufuku iliendelea.

Deni hilo Kanisa lilijua kulilipa zamani. Tauni ilipoingia Milano mwaka 1576, Askofu Mkuu Karoli Borromeo hakupinga watu kufungiwa ndani, aliunga mkono. Aliagiza altare zijengwe kwenye njia panda ili watu waifuate Misa wakiwa madirishani mwao. Lakini pamoja na altare alipeleka chakula, mpaka mali yake ikaisha na akaingia kwenye madeni. Mara nyingi mfano wake hutajwa na watetezi wa kufunga makanisa, nao huishia kwenye altare za njia panda. Sehemu ya madeni huachwa.

Mzigo wa pili uliogawanywa vibaya ni ule wa watoto. Korona iliwaua zaidi wazee. Shule zilipofungwa, waliolipa ni vijana. Nchini Uganda walikuwa karibu wanafunzi milioni 15. Utafiti uliofanyika Siaya, magharibi mwa Kenya, uligundua kwamba wasichana wa sekondari waliokaa nyumbani kwa sababu ya janga walikuwa na hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, wakilinganishwa na waliowatangulia, na hatari mara tatu ya kuacha shule. Hatusemi shule zisifungwe kamwe. Miezi mitatu ya Tanzania mwanzoni, wakati ugonjwa haujajulikana vizuri, inaeleweka. Miezi ishirini na miwili ni jambo jingine, hasa pale ambapo masoko yalikuwa wazi huku darasa la tatu likiwa bado limefungwa.

Mzigo wa tatu ni wa nguvu inayotumika kusimamia amri. Usiku wa Machi 30, 2020, siku ya nne ya amri ya kutotoka nje nchini Kenya, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi na polisi akiwa kwenye baraza ya ghorofa ya kwao mtaa wa Kiamaiko, Nairobi. Alikuwa nyumbani, ametii. Kufikia mwanzoni mwa Juni mamlaka ya kusimamia polisi nchini humo ilikuwa imepokea malalamiko ya vifo 15 vilivyohusishwa na polisi tangu amri ianze. Virungu na risasi havikupelekwa kwenye mitaa yenye uzio. Mtu akitoa amri anapaswa kujua itatekelezwa na mikono gani, na kuihesabu mikono hiyo ndani ya gharama.

Haki inatudai tuseme pia upande wa pili. Si kila hasara ya mwaka 2020 ilitokana na amri. Wapagazi na waongoza watalii wa Marangu na Machame walikaa bila kazi miezi mingi katika nchi ambayo haikufungia mtu ndani, kwa sababu wageni hawakuja. Wanawake wa Rombo na Himo wanaouza ndizi na nyanya katika soko la Taveta walizuiwa na amri ya nchi nyingine. Ugonjwa wenyewe huvunja uchumi. Anayepiga hesabu ya madhara ya kufungia watu lazima atoe kwanza yale ambayo yangekuja hata bila amri, na hesabu hiyo ni ngumu kuliko inavyosemwa vijiweni.

Malango ya mji

Kipengele cha 6 cha swali hilohilo kina mfano ambao, ukiusoma leo, utadhani Mtakatifu Thoma aliishi mwaka 2020. Mji umezingirwa na maadui, na sheria inasema malango yafungwe. Sheria hiyo ni njema. Lakini baadhi ya raia walio walinzi wa mji wanafukuzwa na maadui na wanakimbilia langoni. Je, lango lifungwe usoni mwao kwa sababu sheria imesema? Hapana, anajibu Thoma. Lango lifunguliwe, maana sheria iliwekwa kwa ajili ya usalama wa mji, na kuwaacha wauawe ni kuupoteza usalama huohuo.

Uganda ilipozuia magari binafsi, mjamzito aliyeshikwa na uchungu alihitaji kibali cha mwakilishi wa rais wilayani ili apelekwe hospitali kwa gari. Uchungu hausubiri kibali. Walikuwapo wanawake waliokufa njiani au nyumbani, mpaka Rais Museveni alipotangaza, Aprili hiyohiyo, kwamba wajawazito wasafiri bila kuomba ruhusa. Lango lilifunguliwa, ila kwa baadhi lilichelewa. Kwa maoni yetu, amri ya kufungia watu isiyo na lango, yaani isiyosema waziwazi nani anaruhusiwa kutoka, kwa lipi, na kwa uamuzi wa nani aliye karibu, imekosa haki tangu siku ya kwanza, hata kama lengo lake ni jema kiasi gani.

Thoma pia, akimfuata Mtakatifu Isidori wa Sevilla, anasema sheria iwe inayowezekana na ilingane na desturi ya nchi, mahali na wakati. Nchini Italia karibu robo ya watu wana miaka 65 na zaidi. Tanzania hawafiki watano katika mia. Kunakili amri ya Milano na kuibandika Moshi bila kubadili kitu ni kutofikiri. Lakini tuwe waangalifu: mkoa wetu wa Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye wazee wengi zaidi kwa uwiano, kwa sababu vijana wamekwenda Dar es Salaam na Arusha, na babu na bibi wamebaki kihambani na wajukuu. Hoja ya kwamba sisi ni taifa la vijana haimfai bibi wa Kibosho mwenye pumu.

Kwa hiyo kwetu swali la Isidori lingeleta majibu ya namna yake. Kata moja ya mbege inayozunguka midomo ishirini ingeweza kupigwa marufuku bila mtu kulala njaa. Kila mtu na kikombe chake. Jumuiya ndogondogo zingeweza kusali nje, chini ya migomba, badala ya sebuleni. Na Desemba! Kila mwaka mabasi hupanda kutoka Dar es Salaam yakiwaleta Wachaga nyumbani kula Krismasi na wazee wao. Desemba 2020 hakukuwa na katazo lolote la safari. Serikali inayotafuta hatua yenye uwiano ingeanza hapo, kwa wiki mbili tatu za mwaka, kabla ya kumgusa mama lishe wa Mbuyuni.

Je, basi Tanzania ilikuwa sahihi?

Msomaji ataona tumeelekea upande gani. Tunaona kwamba kutowafungia watu wote ndani, kwa nchi ambayo wananchi wake wengi hula kwa kazi ya siku hiyohiyo na ambayo haikuwa na uwezo wa kuwalisha, kulikuwa uamuzi wenye haki. Kipimo cha tatu kinauunga mkono.

Lakini tusishangilie mapema. Serikali isipowaamuru watu, inawaachia waamue wenyewe. Inategemea fadhila yao ya busara. Na busara, kama tunavyojifunza tangu mwaka wa kwanza wa falsafa, huanza kwa kuujua ukweli wa mambo yalivyo. Tangu mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu za ugonjwa zilikoma kutolewa. Katika kumbukumbu za Shirika la Afya Duniani Tanzania ilibaki na wagonjwa 509 na vifo 21 kwa zaidi ya mwaka mzima. Mama lishe aliachwa huru, na ni vyema, lakini aliachwa gizani. Aamueje kama ampeleke mama yake mzee kanisani, wakati hajui kama ugonjwa uko mtaani kwake? Uhuru wa namna hiyo ni mzigo mwingine, na mzigo huo nao uliwaelemea zaidi wasio na njia nyingine ya kupata habari.

Hapo ndipo sauti ya Kanisa ilipohitajika, na ilisikika. Januari 26, 2021 Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, aliandika waraka kutahadharisha juu ya wimbi jipya na kuhimiza watu wajikinge. Mwanzoni mwa Machi Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba katika miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki baada ya matatizo ya kupumua. Maaskofu hawakuomba watu wafungiwe. Waliomba ukweli, tahadhari na sala, vyote vitatu pamoja. Kamati ya wataalamu iliyoundwa na Rais Samia baada ya kuapishwa Machi 19, 2021 nayo ilishauri takwimu sahihi zitolewe kwa wananchi, na Julai 28 mwaka huo chanjo ilizinduliwa.

Wapo wanaosema kwamba tahadhari hizi zote zinapunguza imani. Tuwakumbushe kile kilichotokea juu ya kinara cha hekalu (Mt 4:5-7). Shetani alimtaka Bwana ajitupe chini kwa sababu malaika watamdaka. Bwana alikataa kumjaribu Mungu. Machi 27, 2020 Baba Mtakatifu Fransisko alisimama peke yake katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha, akaibariki dunia na Sakramenti Kuu. Uwanja ulikuwa mtupu, na sala ilikuwa kamili.

Lile lililo gumu zaidi kwetu

Tukizungumza na mapadre wa parokia za mlimani kuhusu mambo haya, mazungumzo huishia mahali pamoja: mazishi. Mtu anaweza kuvumilia soko kufungwa. Mchaga kuzikwa bila watu wake, tena mbali na kihamba, ni jambo ambalo ukoo hulibeba miaka mingi.

Kitabu cha Hesabu, sura ya 12, kinasimulia kwamba Miriamu alipopatwa na ukoma alifungiwa nje ya kambi siku saba, na taifa zima halikuendelea na safari mpaka aliporudishwa. Alitengwa, lakini hakuachwa. Wazima nao walibeba sehemu ya zile siku saba kwa kukaa na kumngoja. Tunaona katika tukio hilo mwanga kwa ajili ya mazishi wakati wa mlipuko. Kupunguza idadi ya watu kaburini ni halali, kama maiti au umati ni hatari kweli. Kuizuia familia isijue ndugu yao amezikwa wapi, au kumzika bila sala, si halali, kwa sababu hakuna uhai unaookolewa hapo. Watu watano wanatosha: mwenye msiba, mtoto, mzee wa ukoo, katekista na padre, wakiwa na barakoa, kaburi likiwa kihambani kama hali ya ugonjwa inaruhusu. Wengine wangoje. Matanga yaahirishwe kwa tarehe inayotajwa siku hiyohiyo ya maziko, na paroko aiandike katika kitabu cha nia za Misa, ili wakati hatari itakapopita ukoo mzima upande mlimani, Misa isomewe kaburini, na yule ambaye alikwenda na watu watano apate watu wake wote.